Usingizi wa Mashine Kumi na Mbili

Mimi ni mwalimu mwenye diploma. Nalisema mapema ili msomaji ajue nilianguka kutoka urefu gani. Jina langu ni Janvier Nzabonimpa, nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Keshero, mjini Goma, na diploma yangu nimeitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa hata akitaka. Mama Sidonie Baharanyi, ambaye habari zake ndizo ninazosimulia, hana diploma ya kompyuta. Ana kibanda cha mbao kando ya barabara, mashine moja ya fotokopi, laptop mbili, na kibao kilichoandikwa kwa mkono "Secrétariat public", yaani hapa tunapiga chapa kazi za watu. Kwa miaka minne nilipita mbele ya kibanda kile kila asubuhi nikimsalimia kwa kichwa tu, bila kusimama.

Alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu, mtoto wa karani wa misheni. Baba yake alimfundisha kupiga taipureta akiwa na miaka kumi na mbili, na alimpa sheria moja tu: soma kilichoandikwa, si unachodhani kimeandikwa. Usiruke neno. Sheria hiyo alikuja nayo Goma kwa boti, pamoja na mume na masanduku mawili, akaanza kuwapigia wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao za mwisho. Ni watu wangapi mjini hapa waliohitimu kupitia vidole vya Sidonie, hakuna anayejua, na wengi wao siku hizi wanapita mbele ya kibanda kama nilivyokuwa nikipita mimi.

Mwaka wa volkano, 2021, tulipoambiwa wote tuhame, Sidonie alitembea mpaka Sake akiwa amefunga laptop mgongoni kwa kitenge. Mwanawe wa kweli, wa miaka sita, alitembea pembeni akilalamika. Karibu na Lac Vert wanawake wawili waliokuwa nyuma walimwonea huruma, wakataka kumkinga na jua mtoto wa mgongoni, wakakuta ni kompyuta. Walimcheka njia nzima. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kazi za wanafunzi watatu, na wote watatu walizitetea mbele ya walimu wao miezi michache baadaye.

Kilichoshindikana kwa volkano kiliwezekana kwa flash ya mteja mmoja. Kirusi kimoja, asubuhi moja, na mafaili ya miaka mitano yakageuka vivuli visivyofunguka. Sidonie alilia siku mbili. Siku ya tatu fundi mmoja aitwaye Cédrick, aliyekuja kufotokopi vyeti vyake, alimwambia kwamba kuna mfumo unaoitwa Linux ambao virusi vya namna ile haviuwezi, akamwekea. Wiki mbili baadaye Cédrick alihamia Kindu, akamwacha mama wa watu peke yake na kitu asichokijua.

Mwingine angekitupa. Yeye alinunua daftari. Maneno yote ambayo mashine iliandika kwenye kioo, ya onyo au ya kosa, aliyanakili kwa mkono, na chini yake akaandika alichofanya na kilichotokea. Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Alipofika la tano, mafundi wa mjini walianza kumletea laptop zilizowashinda, kwa mlango wa nyuma ili watu wasione.

Sasa nieleze ya shule yetu. Tuna laptop kumi na mbili za occasion, yaani zilizokwisha kutumiwa na wengine, tulizopewa na mfadhili, na betri zake ni wazee: ukichomoa waya, zinadumu dakika nane, pengine kumi. Wasichana wa mwaka wa sita hufanya kazi yao ya vitendo kwenye mashine hizo, mbele ya inspekta, kwa saa mbili. Bila kazi hiyo hakuna diploma ya serikali. Mwaka jana, katikati ya saa ya pili, umeme ulikatika. Wanaume wawili walihangaika na jenereta, mashine zikazimika moja baada ya nyingine, na umeme uliporudi wasichana tisa walikuta ukurasa mweupe. Saa ya mtihani haisimami. Inspekta aliandika sifuri tisa kwa mwandiko mzuri.

Mmoja wa hao tisa ni Joviale. Familia yake ilikimbia kutoka Rutshuru na inaishi Kanyaruchinya, kambini, na mama yake alimweka kwa shangazi hapa Keshero ili amalize shule tu. Alirudi kukaa darasa la sita mara ya pili, akaketi mbele, na mwaka mzima sikumsikia akicheka. Nilijua, na shule nzima ilijua, kwamba mwaka wa tatu hautakuwepo. Akianguka tena, anarudi kambini na habari ya shule imeisha.

Mama Rosette, mkuu wetu wa shule, ndiye aliyemwita Sidonie. Hakuniuliza. Wakati huo mashine zetu zilikuwa zimejaa virusi mpaka zikawa zinafungua picha za ajabu zenyewe, mbele ya masista wenye shule. Sidonie alizisafisha zote, akaziwekea Linux, kisha akaketi mbele ya mkuu na kumwambia jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

"Mama Préfète, courant itakatika. Hiyo hatuwezi kuzuia. Lakini mashini inaweza kujilalia yenyewe mbele betri haiyakufa."

Alieleza kwamba kuna usingizi wa aina mbili. Upo usingizi mwepesi, ambapo mashine inafumba macho lakini inaendelea kula betri, na betri ikiisha kila kitu kimepotea. Na upo usingizi mzito: mashine inaandika yote iliyonayo akilini kwenye diski, mahali palipotengwa, kisha inazimika kabisa. Hata ukichomoa betri ukaiweka mfukoni, ukiwasha tena unakuta neno ulilokuwa unaandika likikungoja. Alitaka kila mashine iwe inaingia usingizi mzito yenyewe betri inapofika asilimia thelathini. Si tano, kama inavyokuja kiwandani, kwa sababu betri zilizozeeka zinadanganya. Zinasema ishirini halafu zinakata roho.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitabasamu. Sikupenda. Ningependa kusema nilikuwa na sababu za kitaalamu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu.

Siku sita kabla ya mtihani tulifanya jaribio baada ya masomo. Sidonie aliandaa mashine ya kwanza, nayo ikafanya kazi vizuri: ililala, tukaiwasha, maneno yale yale yakarudi. Akafurahi. Akaandaa nyingine kumi na moja, na siku ya pili tulizilaza zote. Zililala vizuri kumi na moja kati ya kumi na mbili. Ila tulipoziwasha, ya kwanza tu ndiyo iliyokumbuka. Zile nyingine ziliamka kama zimezaliwa leo, ukurasa mweupe, kila moja. Na ile ya kumi na mbili haikukubali hata kulala.

Joviale alikuwa amebaki kufagia darasa. Aliona zile kurasa nyeupe, akaweka fagio polepole, akatoka nje bila kuaga.

"Mama Sidonie," nilisema, "hii Linux yako haiko ya batoto. Turudishe Windows, tuombe Mungu courant isikatike."

"Prof, mwaka jana hamukuombaka?"

Akafungua daftari la tano.

Siku mbili alizunguka bila jibu. Alidhani ni betri, akabadilishana betri za mashine mbili; hapana. Alidhani diski zimechoka, akazipima, ziko sawa. Mama Rosette alikuja kuchungulia mara tatu, na mara ya tatu alisema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba kama kesho kutwa hakuna kitu, ataomba wasichana wetu wafanyie kazi yao shule nyingine, kwenye mashine wasizozijua. Sidonie aliitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu alikuja na saa ya mkononi ya mumewe. Aliwasha mashine ya pili, akahesabu. Aliwasha ya tatu, akahesabu. Halafu akawasha ya kwanza.

"Prof, hii ya pili inachelewaka kuwaka. Ulionaka?"

"Inapasha moto," nilimjibu. "Mashini ya occasion inapasha moto kwanza. Niko nafundisha batoto hivyo."

"Na ya kwanza, juu ya nini haipashaka moto? Iko ya occasion pia."

Mwaka mzima nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu, kwa chaki, ubaoni, kwamba nusu dakika ile ni ya kupasha moto. Hakuna kitu kama hicho duniani.

Kompyuta inapowaka huonyesha picha ya kampuni au ya mfumo, nzuri, ya kupendeza, na nyuma ya picha hiyo mashine inaandika mistari na mistari ya mambo inayofanya. Sisi wote tunaipenda picha. Sidonie aliiondoa. Akawasha tena mashine ya pili, na mistari ikaanza kushuka, ikafika mahali ikasimama. Nusu dakika. Kisha ukaja mstari mmoja, na Sidonie akausoma kwa sauti kama anavyosoma barua ya mteja, neno kwa neno. Mashine ilikuwa inasema kwamba imengoja kifaa cha kuamkia, haikukiona, imechoka kungoja, inaendelea bila hicho.

Ilikuwa inasema ukweli kila asubuhi, nasi tulikuwa tumeiziba mdomo kwa picha.

Sidonie aliunakili mstari ule, akakaa akiutazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka paji la uso juu ya meza, nami nikadhani uchovu umemshinda.

"Nilifanya fotokopi," alisema. "Prof, nilifanya fotokopi!"

Ilikuwa hivi. Mtu aliyeishi miaka kumi na tano na mashine ya fotokopi akiwa na kazi kumi na mbili zinazofanana, hatengenezi kumi na mbili. Anatengeneza original moja safi, anatoa copie kumi na moja. Ndivyo alivyofanya: aliandaa mashine ya kwanza, akanakili diski yake kwenda kwa zile nyingine. Lakini diski za wenzake hazikuwa na ukubwa sawa, kwa hiyo kwenye kila moja alitengeneza upya ile sehemu ya kulalia. Na kila sehemu ikitengenezwa inapewa namba yake, ndefu, ya peke yake, kama namba ya kadi ya mpiga kura. Hakuna mbili zinazofanana. Mashine ya pili ililala kwenye kitanda chake yenyewe, ikaacha kumbukumbu zake hapo. Ilipoamka, karatasi iliyonakiliwa ikaiambia ikazitafute kwenye kitanda cha mashine ya kwanza, ambacho hakipo ndani yake. Inatafuta nusu dakika, inakata tamaa, inaanza maisha upya.

"Kumbe nilifotokopi mpaka adresse," alisema akijifuta macho.

Kazi ya kurekebisha haikuchukua hata saa mbili. Kwa kila mashine aliuliza namba halisi ya sehemu ya kulalia, akaiandika kwa mkono kwenye daftari, akaiingiza mahali pa ile ya uongo, akaamuru mfumo ujenge upya faili la kuwashia. Mimi nilimsomea namba, yeye aliandika. Alinirudisha mara mbili niliporuka herufi. Tulipolaza ya pili na kuiwasha, haikungoja hata kidogo. Sentensi niliyoiandika ilirudi, na alama ya kuandikia ikiwa inapepesa pale pale nilipoiacha. Nilipiga meza kwa furaha. Sikuwa najua kwamba ninaweza kufurahia ushindi wa mtu mwingine kiasi kile.

Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na moja. Zote.

Ikabaki ya kumi na mbili, ile isiyotaka kulala. Sidonie aliiamuru ilale, ikakataa, naye akasoma ilichoandika: nafasi ya kulalia haitoshi. Akakunja uso. Akaangalia daftari, akaangalia mashine, kisha akaiuliza ina memori kiasi gani.

"Hii iko na memwari mara tatu ya benzake," alisema polepole. "Mimi niliandika zote sawasawa. Mutu alifungua hii mashini."

Aliinua macho. Darasani tulikuwa wawili.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwambia kwamba mwezi uliopita nilichukua barrette, yaani kipande cha memori, kutoka laptop iliyokufa ya shemeji yangu, nikaichomeka kwenye mashine ya kumi na mbili, kwa sababu saa ya mapumziko huwa natazama filamu pale na zilikuwa zinakwamakwama. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeipanua mashine kichwa bila kuiongezea kitanda cha kulaza kumbukumbu zake zote.

"Filamu gani?" aliuliza.

"Za karate."

"Bon. Barrette ibaki, iko muzuri. Kitanda ndjo nitarefusha. Lakini Prof, kuanzia leo, ukigusa kitu, unaandika." Akanisukumia kalamu na daftari la tano, na mimi, Janvier Nzabonimpa, nikaandika kosa langu kwa mkono wangu, na tarehe.

Kesho yake tulimwita Mama Rosette. Tuliwasha zote, kwenye kila moja tukaandika sentensi tofauti, kisha Sidonie akaenda kwenye switchi kubwa ya darasa na kuikata yeye mwenyewe. Tulikaa katika nusu giza tukitazama betri zikishuka. Kwenye asilimia thelathini vioo vikaanza kufumba, kimoja kimoja, bila mtu kugusa. Tulipoziwasha, sentensi kumi na mbili zilirudi. Mama Rosette alitembea kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho akisoma zote, kama mtu anayehesabu kuku wake, na akasema wasichana wanabaki.

Siku ya mtihani, mtu asiye wa shule haruhusiwi kuingia. Sidonie alifunga kibanda chake, akaja kusimama nje, kando ya ukuta wa mawe ya volkano, akiwa na daftari chini ya kwapa. Ndani nilikuwa mimi, wasichana kumi na wawili, na inspekta yule yule wa mwaka jana. Walipiga kura ya viti. Joviale akatoa namba kumi na mbili. Alinitazama, nami nikamwonyesha uso wa mtu asiye na wasiwasi, uso ambao sina.

Saa ya pili ilikuwa imeanza vizuri pale kinu cha unga cha jirani kiliponyamaza. Hapa hatuhitaji kuambiwa; kinu kikinyamaza, umeme umekwenda. Taa ikazimika. Msichana mmoja akaanza kulia kimyakimya. Inspekta aliangalia saa yake na kusema, bila ubaya, "Kama mwaka jana tu."

"Endeleeni kuandika," niliwaambia. "Mashini ikilala, muiache ilale."

Dakika ya nne kioo cha kwanza kikafumba. Kisha viwili kwa pamoja. Joviale aliendelea kupiga mpaka kioo chake kilipojifunga mbele ya macho yake, na mikono yake ikabaki hewani. Aliiweka mapajani. Tulingoja dakika kumi na saba. Nje jenereta ilikohoa, ikafa, ikakohoa tena. Mimi nilisali, na sikuona aibu kusali.

Jenereta ilipokamata nilisema, "Washeni." Vidole kumi na viwili vikabonyeza pamoja. Ya kwanza ikafungua. Ya tano. Ya tisa. Kila kioo kilipong'aa, msichana mmoja alivuta pumzi kwa nguvu na kuinama kuendelea. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mwisho; kwa sababu ya memori yangu ile kubwa, ilikuwa na mengi ya kukumbuka. Nilihesabu mpaka ishirini na sita. Kisha kazi ya Joviale ikasimama mbele yake, yote, na alama ya kuandikia ikipepesa katikati ya neno.

Aliandika nusu ya neno iliyobaki, akaendelea.

Alimaliza dakika tisa kabla ya saa kwisha. Inspekta alikuja, akainama, akasoma kutoka juu mpaka chini.

"Courant ilikatika ukiwa umefika wapi? Nionyeshe."

Joviale alipandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena. "Sioni, Monsieur l'Inspecteur. Sijui ni wapi."

Inspekta alitafuta mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Hakukuwa na pengo. Akachukua kalamu na kuandika alama, na safari hii mwandiko wake ulikuwa mzuri kweli.

Nilitoka mbio kama mtoto. Sidonie alikuwa bado pale ukutani. Alikuwa amesikia kinu kikinyamaza, na tangu hapo hakuwa amekaa.

"Zote?" aliuliza.

"Zote kumi na mbili, Mama Sidonie."

Aliteremka polepole akiegemea ule ukuta mpaka akakaa chini, juu ya mawe, na gauni lake la Jumapili. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na hakujaribu kuyaficha. Wasichana walianza kutoka. Joviale alikuja moja kwa moja kwetu, akaniomba simu yangu, nami nikampa. Alipiga Kanyaruchinya. Ilichukua muda mpaka jirani wa kambini amwite mama yake, na Joviale alingoja amesimama mbele ya Sidonie, simu sikioni, mkono mwingine umeshika bega la yule mama aliyekaa chini.

"Mama," alisema. "Courant ilikatika. Hapana, sikiliza, usilie. Haikupotea. Hata neno moja."